Mwaka wa Bangili ya Kuka

Mwezi uliopita tulimzika shangazi yangu Dorika kwake Munyaka, mjini Eldoret, na jeneza lake lilikaa uani tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri likiwangoja watu wa kwao. Kwetu mwanamke aliyeolewa hazikwi mpaka ndugu zake wa kiume, au watoto wao, wafike wamtazame usoni na kusema wameridhika. Mchungaji alitazama saa, akaimbisha wimbo, akatazama saa tena. Wanawake wa jikoni walishapakua wali ukapoa. Wajukuu wa Shangazi walikuwa wakinijia mmoja mmoja pale nilipokaa chini ya turubai, wakiniuliza kwa adabu, "Mwalimu, hao watu wanakuja kweli?" Nami nikawajibu wote kwamba wako njiani. Nilijua hawako njiani. Hawajakuja kwa Shangazi kwa zaidi ya miaka hamsini, na sababu yake niliivaa mkononi mwaka mzima nikiwa msichana wa miaka kumi na sita. Wote walioshuhudia mambo ya mwaka ule wamekufa, nimebaki mimi, na wao walikufa wakiamini uongo ambao mimi niliusikia ukisemwa na nikanyamaza.

Sitaeleza ukoo wetu ulitoka wapi. Wazee wetu wanaweza kubishana juu ya hilo siku mbili, nami sina siku mbili. Inatosha kusema kwamba ng'ambo ya mto Nzoia babu yangu, ambaye sote tulimwita Kuka, alikuwa mwami, yaani mtawala, kama baba yake na baba ya baba yake, na kwamba alama ya umwami haikuwa kiti wala mkuki. Ilikuwa bangili. Bangili ya shaba, nene kama kidole gumba, pete nzima isiyo na mwanya wala kifungo, iliyofuliwa na mhunzi ambaye jina lake limesahaulika. Mwami alipokata roho, ilivuliwa mkononi mwake kabla mwili haujapoa na kuvishwa binti wa nyumba ile ambaye hajaposwa, ili shaba isikae siku hata moja bila joto la mtu. Binti huyo aliilinda mpaka mwami mpya anyolewe na kuvishwa. Wakati huo wote isiguse meza, isiguse udongo, isiguse mkono wa mtu mwingine. Na kulikuwa na sharti lingine ambalo wazee walilisisitiza kuliko yote: binti wa bangili hula kwanza, na hula ashibe, kwa sababu akilala njaa yeye, nchi nzima italala njaa.

Kuka alipofariki, wajukuu wa kike ambao hatujaposwa tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa bado ananyonya. Nakumbuka chumba cha Kuka kilivyonuka moshi na dawa ya kikohozi, na mkono wa Mzee Makokha, mlinzi wa mila zetu, ukinishika kiwiko bila kunitazama. Bangili ilikuwa ya moto kweli, moto wa homa ya Kuka, na mimi nilikuwa mwembamba kiasi kwamba ilipanda yenyewe hadi juu ya kiwiko ikarudi hadi kwenye vidole. Mzee Makokha akachana kipande cha kitambaa cha bluu akakizungusha mkononi mwangu ili isidondoke. "Miezi miwili tu," akaniambia. Nikafurahi, lazima niseme ukweli. Wasichana waliokuwa wakinicheka shuleni kwa magoti yangu makavu walianza kunipisha njia.

Ile miezi miwili ikawa mwaka, kwa sababu nyumba za wake wawili wa Kuka ziligombania umwami na Bwana DC, Mzungu mkuu wa wilaya, akasema hatamkubali yeyote mpaka amalize kusikiliza maneno. Watu wa nyumba ya mke mdogo walipoanza kuonekana karibu na kisima chetu bila ndoo, baba yangu mkubwa, mkubwa wa watoto wa Kuka, aliamua nifichwe. Nikapandishwa treni hadi Eldoret kwa Shangazi Dorika, dada yake, aliyekuwa ameolewa na karani wa reli. Siku hizo mji ulikuwa barabara moja ya maduka, matope, magari ya ng'ombe ya Makaburu, na miti ya miwati iliyotoa harufu mvua ikinyesha. Baridi yake sikuwa nimewahi kuiona. Shangazi na mumewe walikaa katika chumba kimoja cha nyumba za wafanyakazi wa reli, kilichogawanywa kwa pazia la khanga: upande huu kitanda cha wakubwa, upande ule mimi na sanduku la mabati na jiko. Kila kitu kilisikika. Nilijua Karani anavyopiga mswaki na jinsi Shangazi anavyoomba, kwa kunong'ona na haraka, kama mtu anayewahi foleni.

Shangazi alikuwa mtu mfupi, mwenye kucheka kwa pua, na hakuwa na mtoto wakati ule. Alinipokea kwa kunivua viatu, akanikalisha kwenye kiti cha pekee kilichokuwa na mgongo, kile cha Karani, na akanipakulia kabla ya mume wake. Karani alitazama sahani yangu, akatazama bangili, akameza mate, akaenda kukaa juu ya sanduku. Hivyo ndivyo tulivyokula mwaka ule. Asubuhi chai ya maziwa yenye sukari na viazi vitamu. Mchana ugali na maziwa ya mgando. Jioni nyama ikiwepo, na ilikuwepo mara nyingi kuliko mshahara wa karani ulivyoruhusu, na siagi ambayo mwanamke wa Kinandi alituletea kutoka upande wa Kapseret, akiitoa kwenye kibuyu kwa kijiko cha mti. Niliposema nimeshiba, Shangazi alinitazama kwa hofu ya kweli.

"Wewe kula," alisema. "Hiyo mkono si yako. Hiyo ni ya watu. Ukikonda hapa kwangu nitawaambia nini?"

"Lakini nimeshiba, Shangazi."

"Si wewe nalisha. Nalisha Kuka."

Nililishwa basi. Nilikatazwa kuteka maji, kulima, kufua, hata kupuliza moto. Mwezi wa sita kile kitambaa cha bluu kikaanza kunibana. Shangazi akakifungua, akakikunja, akakiweka ndani ya kopo la majani ya chai, akasema, "Sasa inakaa vizuri," na sote wawili tukaifurahia kazi yetu. Ninapofikiri leo nashangaa. Alikuwa mwanamke mwenye akili, alijua kupima nguo kwa macho tu, na nguo zangu alizipanua mara mbili mwaka ule. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani katika hesabu. Wala yeye wala mimi hatukukumbuka kwamba bangili haina mshono wa kupanua. Tulikuwa tunatii sharti, na mtu anayetii sharti hatazami mahali pengine.

Mwezi wa nane barua ikaja. Nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha ualimu cha misheni, kuanzia Januari, wasichana wanane tu kutoka sehemu zetu zote. Karani aliisoma kwa sauti, mara ya kwanza kwa Kiingereza, mara ya pili kwa Kiswahili: magauni mawili, blanketi, kikombe cha bati, Biblia, na mwishoni, kwamba msichana asije na mapambo yoyote ya kienyeji mwilini, na atakayechelewa siku ya kufungua nafasi yake atapewa mwingine. Nilitaka chuo kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Niliirudia barua mpaka ikachanika penye mikunjo. Sikuwa na wasiwasi. Januari ilikuwa mbali na wazee walisema kesi inakaribia kuisha. Iliisha kweli mwezi wa kumi na moja. DC alimkubali Baba Mkubwa, siku ya kumnyoa ikapangwa, na Jumamosi moja saa nne asubuhi Baba Mkubwa na Mzee Makokha wakaingia kwenye kile chumba cha reli na kofia zao mkononi, kuchukua bangili.

Haikutoka. Nilikunja kidole gumba ndani ya kiganja kama Mzee Makokha alivyoniagiza, nikavuta, ikafika kwenye mfupa wa gumba ikakwama. Shangazi akaleta sabuni. Akaleta siagi ya Kapseret. Akaleta beseni la maji baridi, nikaloweka mkono mpaka kucha zikawa za zambarau. Wazee hawakuruhusiwa kuigusa, kwa hiyo walisimama juu yangu wakivuta kwa macho. Baba Mkubwa alikuwa mtu mpole, sikumwogopa maisha yangu yote, lakini siku ile nilimwona akitazama mkono wangu kama unavyotazama mlango uliofungwa na ufunguo umebaki ndani.

"Mmemlisha nini huyu mtoto?" Mzee Makokha akauliza.

"Si nyinyi mlisema asilale njaa?" Shangazi akajibu.

Nilipelekwa nyuma ya pazia, wakaanza shauri, na mimi nikasikia yote nikiwa nimekaa juu ya sanduku huku siagi ikinichuruzika hadi kwenye kiwiko. Kuikata haikuwezekana, bangili iliyokatwa si bangili, na mwami atakayevaa iliyokatwa, nchi yake itakatika. Karani, ambaye alikuwa mtu wa kusoma, akauliza kwa unyenyekevu kama mhunzi hawezi kuiunga, na akaambiwa anyamaze kwa vile yeye ni mkwe. Mwishowe Mzee Makokha akatoa njia mbili. Ama mkono upungue kabla ya siku ya kunyoa, au mtoto arudi nyumbani na bangili yake, awe anakaa upande wa kulia wa mwami siku zote za maisha ya mwami, mkono wake ukiwa mkono wa mwami, bila kuolewa na bila kwenda popote. Shangazi akasema, "Na shule yake?" Mzee Makokha akasema pole pole, bila ubaya wowote, "Shule ni ya mtu. Hii ni ya nchi." Mimi pale nyuma ya pazia sikulia. Nilisoma maandishi ya kiwandani yaliyopigwa kwenye kifuniko cha sanduku, nikayasoma tena. Hakuna aliyeniuliza kitu, na ningeulizwa sijui ningejibu nini.

Wiki saba zilizofuata ndizo ninazoziota mpaka leo. Sharti la kula kwanza halikufutwa, maana halifutiki. Nilipakuliwa kwanza kama kawaida, kwenye kiti kile kile chenye mgongo: chai ya rangi kikombe kimoja, na jioni mboga za majani bila mafuta, vijiko vitatu. Mzee Makokha alikuwa ameamua kwamba mtu aliyekunywa chai hawezi kusemwa amelala njaa. Halafu nilikaa nikiwatazama wakila. Karani alirudi kwenye sahani zake kubwa lakini alizila akiwa ameupa uso ukuta. Shangazi aliacha kula nyama kabisa, na siku nyingi nilimsikia nyuma ya pazia akimwambia mume wake, "Siwezi. Kesho nampa yai," na Karani akijibu, "Wakijua?" Kesho yake hakunipa yai. Kila Jumamosi wazee walikuja na treni, wakanikunjisha gumba, wakavuta kwa macho. Nilikonda. Mashavu yaliingia ndani, nywele zikaanza kubaki kwenye kitana, magoti yakarudi kuwa yale yale ya kuchekwa. Lakini ule mfupa wa gumba haukusogea, kwa sababu mfupa haupunguzwi kwa mboga za majani. Krismasi ilipita nikiwa nimelala. Siku ya kunyoa ikasogezwa mbele hadi katikati ya Januari. Chuo kilikuwa kinafungua Jumatatu ya pili ya mwezi huo huo, na mimi nilikuwa siwezi kutembea hadi stesheni bila kupumzika mara mbili.

Alhamisi kabla ya Jumatatu ile, Karani akiwa kazini, Shangazi alinivika koti lake na kunipeleka kwa fundi Kalasinga mmoja aliyekuwa na karakana ya kutengeneza majembe ya trekta nyuma ya maduka. Alitaka kuuliza tu, alisema. Fundi alikuwa mzee mwenye ndevu zilizofungwa vizuri na miwani yenye mguu wa waya. Aliuinua mkono wangu kwenye mwanga, na nikaona Shangazi anashtuka, maana fundi alikuwa mtu wa kwanza, zaidi yangu, kuigusa bangili ile tangu Kuka afe.

"Kukata naweza," akasema. "Kuunga pia naweza. Lakini alama itaonekana. Huyu mtoto iko gonjwa?"

"Alama isionekane haiwezekani?"

"Haiwezekani, Mama."

Shangazi akakaa kwenye benchi ya mlangoni akajifunika uso na leso. Alilia kwa muda mrefu, na wafanyakazi wakajifanya wanatafuta vitu. Halafu akasema bila kuinua kichwa, "Twende nyumbani, Eseri. Mungu atajua." Hapo ndipo nilipofanya jambo pekee nililolifanya mwenyewe mwaka ule. Nilitembea hadi kwenye meza ya fundi, nikaweka mkono kwenye jiliwa lake la kubania vyuma, nikamwambia, "Kata." Alimtazama Shangazi mgongoni, akanitazama mimi. Nikarudia. Aliingiza kipande cha ngozi kati ya shaba na mkono wangu ili asinijeruhi, akachukua msumeno wa chuma. Shangazi aliposikia ule mlio akageuka, akatazama mpaka mwisho. Ilikatwa mara mbili, huku na huku, ikadondoka vipande viwili juu ya meza iliyojaa grisi. Ngozi iliyokuwa chini yake ilikuwa nyeupe na laini kama ya mtoto mchanga.

Njiani tuliporudi alininunulia maandazi manne, tukasimama kando ya barabara nikayala yote. Alinipangusa sukari mdomoni kwa ile leso yenye machozi. "Sikiliza," akasema. "Jumamosi wakija, mimi ndiye nimekata. Nilikushika kwa nguvu. Wewe ulikataa, ulilia, mimi nikakushinda. Umesikia?"

"Lakini Shangazi, ni mimi."

"Wewe unaenda shule. Wewe ni mtoto wa kule, bado watakuhitaji. Mimi nimeshaolewa, nina kwangu. Watakasirika, halafu itaisha."

Jumamosi wakaja. Nilikuwa nyuma ya pazia, mahali pangu. Nilimsikia Shangazi akiyasema yote kama alivyoyapanga, hata akaongeza kwamba nilimng'ata. Baba Mkubwa akauliza kwa sauti ndogo sana, "Eseri, ni kweli?" Nilikuwa na nafasi ya kusema. Pazia lilikuwa khanga tu, ningelisukuma kwa kidole. Nilifikiria blanketi langu lililokunjwa, kikombe cha bati, Biblia. Nikasema, "Ndiyo, Baba." Mzee Makokha akasimama, akamwaga chai yake sakafuni, akakipindua kile kigoda alichokalia, miguu juu. Kwetu hilo hufanywa siku moja tu, siku ya kumfuta mtu. Akasema, "Dorika, huna kwenu." Vipande hakuvichukua. Wakaondoka, na Shangazi akachukua kitambaa akapangusa chai.

Jumatatu nilikuwa chuoni. Nimefundisha miaka thelathini na nane. Baba Mkubwa alinyolewa siku iliyopangwa, akavishwa bangili mpya iliyofuliwa sokoni, na watu wakamtii bila taabu yoyote kwa vile alikuwa na askari wa DC nyuma yake. Sijawahi kumsikia mtu hata mmoja akiuliza mbona inang'aa hivyo. Lakini kwa Shangazi haikuisha kama alivyodhani. Mama yake mzazi alipofariki, alishuka kwenye basi na khanga mpya ya msiba, akazuiwa langoni, akarudi Eldoret na basi lile lile. Mimi nilikuwa ndani ya boma siku ile, nikipakua chakula cha wageni. Nilimwona kupitia uzio. Nilijiambia nitasema Mzee Makokha akifa, na alipokufa nikajiambia nitasema Baba Mkubwa akifa. Shangazi hakuniomba kamwe. Kila nilipomtembelea Munyaka alinipakulia kwanza, hata mbele ya watoto wake aliokuja kuwapata, na tukicheka walidhani ni mzaha wa kawaida.

Saa tisa alasiri siku ya mazishi mchungaji akaniinamia sikioni, akasema hawezi kungoja zaidi, na je, mimi si damu ya marehemu, siwezi kusimama kwa niaba ya kwao? Nikasimama. Nilishika mkongojo kwa mikono miwili. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi, maneno yalikuwa mafupi: si yeye aliyekata, ni mimi. Nikamtazama usoni kupitia kioo cha jeneza, na nikawatazama wajukuu waliochoka kungoja, ambao hawajui kulikuwa na bangili, na ambao wangeuliza ni bangili gani. Nikasema, "Tumeridhika. Mzikeni." Wakaimba, wakamzika. Ninaandika hapa kwa sababu pale sikuweza.

Juzi binti wa Shangazi aliniletea lile kopo la majani ya chai. Alisema mama yake aliacha maagizo kwamba ni langu. Nililifungua mezani kwangu mchana, dirisha likiwa wazi. Vipande vyote viwili vilikuwemo, vimezungushiwa kile kitambaa cha bluu cha Mzee Makokha, na Shangazi alikuwa amevisugua, maana havikuwa na kutu ya kijani hata kidogo. Nikavikutanisha mahali msumeno ulipopita, nikavifunga kwa kitambaa pande zote mbili mpaka ikawa pete tena, nikaingiza mkono. Sikukunja hata gumba. Mkono wangu siku hizi ni mifupa na mishipa. Bangili ilipita juu ya vidole, ikapita ule mfupa bila kuugusa, ikapanda hadi kwenye kiwiko, na nilipoushusha mkono ikateleza ikatoka yenyewe. Niliidaka kwa mkono wa kushoto kabla haijagusa meza.